Vitu vya kuchezea vya zamani: wapi pa kutafuta Moshi na Arusha, na namna ya kununua

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nilizaliwa Moshi mwaka 1971 na bado naishi hapa. Nimeanza kutamani kukusanya vitu vya kuchezea vya enzi za utoto wetu. Juzi nimekuta kwa muuzaji mmoja wa mitumba kigari cha chuma, Land Rover ya kijani yenye mizigo ya kahawia juu ya paa, na chini imeandikwa "Matchbox Series No. 12, Made in England by Lesney". Haina boksi, rangi imechubuka pembeni, na anataka shilingi 80,000 kwa sababu, anasema, ni "ya mkoloni". Je, bei hiyo ni ya haki? Nitafute wapi vitu vingine, hasa mwanasesere wa plastiki kama aliyekuwa naye dada yangu? Yale magari ya waya tuliyotengeneza wenyewe yana thamani yoyote? Au niagize tu kutoka Uingereza?

JIBU: Marahaba, mwalimu. Nianze na hiyo Land Rover, kwa kuwa ndiyo inayoweza kununuliwa na mtu mwingine wakati wewe unasoma jibu hili. Kwa maelezo uliyotoa, ni Land Rover ya Safari, ambayo kiwanda cha Lesney cha London kilianza kuitoa mwaka 1965. Za kijani ndizo zilizotangulia, na za buluu zikafuata. Mkoloni alikuwa ameshashusha bendera yake Tanganyika tangu Desemba 1961, hivyo muuzaji amekupa hadithi nzuri yenye tarehe mbovu. Hilo peke yake halimfanyi kuwa tapeli. Wauzaji wengi wa mitumba huita "cha mkoloni" kitu chochote kizito, cha chuma, chenye maandishi ya Kiingereza, na mnunuzi asiyekuwa na desturi ya kugeuza gari juu chini hujikuta akililipia neno hilo badala ya kulipia kitu chenyewe.

Tabia ya kwanza ya mkusanyaji ni kusoma tumbo la gari kabla ya kuuliza bei. Kampuni ya Lesney ilianzishwa mwaka 1947, na magari yake madogo ya Matchbox, yaliyopewa jina hilo kwa sababu yaliuzwa ndani ya visanduku vinavyofanana na vya kiberiti, yalianza kutoka mwaka 1953. Yale ya mwanzo kabisa yalikuwa na magurudumu ya chuma, kisha kuelekea mwisho wa miaka ya 1950 yakaja magurudumu ya plastiki ya kijivu, halafu meusi, na mwaka 1969 kiwanda kikaleta magurudumu mapana yenye ekseli nyembamba yaliyoitwa Superfast, ili kushindana na Hot Wheels za Marekani zilizokuwa zimeingia sokoni mwaka 1968 na kuwavuta watoto wa Ulaya waliokuwa watiifu kwa Matchbox. Lesney ilifilisika mwaka 1982, jina likauzwa, na uzalishaji ukahamia Macau na baadaye nchi nyingine za Asia. Kwa hiyo gari lenye neno "Lesney" chini limetoka katika kipindi kisichozidi 1982, na lenye "Macau", "China" au "Thailand" limetoka baada ya hapo, hata kama muuzaji ataapa kwa kaburi la babu yake. Ya kwako inapaswa kuwa na magurudumu meusi ya plastiki. Ukiikuta na ya chuma, ujue kuna mtu ameyabadilisha.

Jihadhari pia na mwaka unaochapwa chini ya magari ya baadaye. Mara nyingi mwaka huo, unaotanguliwa na herufi ya c ndani ya duara, ni mwaka ambao umbo la gari lilisajiliwa, wala si mwaka ambao gari hilo lilitoka kiwandani. Umbo moja linaweza kutengenezwa kwa miaka ishirini na zaidi likiwa na tarehe ileile. Nimeona watu wazima, wasomi, wakilipa bei ya mwaka 1969 kwa Hot Wheels iliyotengenezwa Malaysia muda mrefu baadaye, kwa sababu tu tarehe ilisomeka vizuri.

Utakaporudi kwa muuzaji, nenda mchana, utoe gari nje ya kivuli cha turubai, ulitazame kwa kioo cha kukuzia. Tazama kwanza vichwa vya ribiti vinavyoshikilia sakafu ya gari. Ribiti ya kiwandani ni laini, imetandazwa kwa pigo moja na ina rangi sawa na chuma kilichoizunguka. Ukiona tundu la keekee, skrubu, au gundi iliyokauka kama ute, gari limewahi kufunguliwa, na gari likifunguliwa huwa ni kwa sababu ya kupakwa rangi upya au kuwekewa viungo vya gari lingine. Kisha tazama rangi yenyewe: rangi ya kiwandani ni nyembamba, na mistari midogo ya milango na taa hubaki mikali, ilhali rangi ya kupuliza kwa kopo hujaza mistari hiyo na huacha vumbi la rangi kwenye ncha za ekseli na pembeni mwa magurudumu. Hatimaye jaribu ile mizigo ya kahawia kwa ukucha, bila nguvu, uone kama imekaa imara mahali pake.

Ikiwa yote hayo yako sawa, 80,000 bado ni nyingi. Gari hili lilitengenezwa kwa wingi mno, na huko Uingereza lililochubuka na lisilo na boksi huuzwa kwa paundi chache tu. Mimi nisingevuka 30,000, na ningeanzia 15,000 nikiwa na pesa taslimu mkononi. Hiyo ya 30,000 nairuhusu kwa sababu moja: limefika Moshi tayari, na nauli ya kutoka Ulaya ingeweza kuwa kubwa kuliko bei ya gari. Boksi lingebadilisha hesabu yote, maana katika magari ya Matchbox boksi la asili lililo zima mara nyingi lina thamani sawa na gari lenyewe au zaidi. Usishawishike kupaka rangi pale palipochubuka. Mkusanyaji anamsamehe mtoto aliyeligonga gari ukutani, lakini hamsamehe mtu mzima aliyelipaka rangi.

Sasa nikurudishe kwenye jambo kubwa ambalo barua yako imelipita haraka. Umezaliwa mwaka 1971, kwa hiyo umri wako wa kuchezea magari ulikuwa takribani kati ya 1975 na 1984. Ukiangalia jinsi vitu vya kuchezea vilivyoingia nchini, hicho ndicho kipindi ambacho vilikuwa haba kuliko vipindi vyote. Kabla ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, maduka ya Wahindi ya Moshi na Arusha yaliagiza bidhaa za Uingereza moja kwa moja, na walowezi wa kahawa, wamisionari na watumishi wa serikali walikuwa na watoto wa kuwanunulia. Baada ya Azimio uagizaji ulikwenda kwenye mashirika ya umma. Wakati wa ujenzi wa reli ya TAZARA, kati ya 1970 na 1975, bidhaa za China zilijaa madukani, kwa kuwa mauzo yake ndiyo yaliyosaidia kulipia gharama za ndani za ujenzi. Halafu ikaja vita vya Kagera, fedha za kigeni zikakauka, na pale ambapo sabuni na sukari vilipangiwa foleni, hakuna ofisa aliyetoa kibali cha kuagiza vigari. Mlango ulifunguliwa mwaka 1984, wenye fedha zao za kigeni waliporuhusiwa kuagiza bidhaa, na mitumba ikarudi kwa kishindo.

Maana yake kwa mnunuzi wa leo ni hii: katika mkoa wako na wa kwetu wa Arusha utakuta vitu vya miaka ya 1960 vilivyosalia katika nyumba chache, na utakuta kwa wingi vitu vya Ulaya na Marekani vilivyoletwa na mitumba kuanzia katikati ya miaka ya 1980, ambavyo mtoto wa Kitanzania hakuvichezea vilipokuwa vipya. Pengo lililo katikati ndiyo utoto wako. Ndiyo maana ninyi mlitengeneza magari ya waya, na ndiyo maana ningekushauri pesa yako uitumie kwa vitu vya kigeni kwa kiasi, lakini muda wako uutumie kutafuta vile vya mkono. Nitavirudia.

Kuhusu mahali pa kutafuta. Kwa Moshi, soko la Memorial na Kiboriloni ndiyo mahali pa kuanzia. Kwa Arusha, zungukia Kilombero, kisha ufike Tengeru siku ya Jumamosi. Vitu vya kuchezea huja ndani ya mabelo ya mchanganyiko, na anayefungua belo huwa anatafuta vile vinavyouzika haraka kwa wazazi: midoli ya manyoya, magari makubwa ya plastiki, vitu vinavyolia. Vigari vya chuma vinavyotoshea kiganjani huishia kwenye ndoo au kwenye kitambaa pembeni, vinauzwa kwa mafungu. Ukifika asubuhi belo linapokatwa utachagua; ukifika saa nane mchana utachagua walichoacha wenzako. Lakini njia iliyonifaa zaidi kuliko kuamka mapema ni kumwonyesha muuzaji picha iliyochapishwa kwenye karatasi, nikamwachia pamoja na namba yangu, na nikanunua kile cha kwanza alichonipigia simu hata kama sikukihitaji sana. Muuzaji aliyepata faida kwako mara moja hatakusahau, na aliyekuita ukaja ukaondoka mikono mitupu hatakuita tena.

Kuna mahali ambapo wakusanyaji wengi hawafiki: kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Vigari hivi ni vya aloi ya zinki, na watoto huviokota majalalani wakaviuza kwa kilo pamoja na sufuria zilizotoboka. Mwombe mwenye mizani aweke kando chochote chenye magurudumu, na umlipe zaidi ya bei ya kilo. Maduka ya zamani ya katikati ya mji nayo usiyapuuze, hasa yale yanayouza vifaa vya shule na vya nyumbani ambayo familia moja imeyashikilia kwa vizazi viwili au vitatu. Usiingie ukauliza kama wana "antiki", kwa sababu neno hilo hupandisha bei kabla ya kitu kuonekana. Uliza kama stoo kuna mali ya zamani isiyouzika, na uwe tayari kunywa chai.

Arusha ina chanzo chake kingine, yaani wageni wanaohama. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda ilikuwa hapa tangu katikati ya miaka ya 1990 hadi mwisho wa 2015, na jumuiya, miradi na mashirika bado huleta familia na kuziondoa. Anayeondoka huuza vyombo kwa bei ya kutupa ndani ya wiki moja, na majirani wa Njiro na Sakina hununua kila kitu kwa pamoja. Matokeo yake ni kwamba baadhi ya Lego nzuri za Arusha, yaani vile vitofali vya plastiki vya kuunganisha, ziko kwenye mifuko ya salfeti kwa watu ambao hawana habari nazo. Ukizikuta, tazama ndani ya tofali, yaani upande wa chini. Matofali yenye mirija ndani yamekuwepo tangu mwaka 1958. Yale matupu yasiyo na mirija wala kiungo kingine ni ya kabla ya hapo, na ni nadra sana kuyaona huku kwetu.

Kwa upande wa Kilimanjaro, msimu wa kuuliza ni Desemba. Ndipo ukoo mzima unapopanda mlimani, nyumba za vihambani zinafunguliwa, darini panasafishwa, na shangazi anatoa kasha la bati ambalo halijafunguliwa tangu mazishi ya baba mkubwa. Hapo nenda kwa adabu, wala usiende kama winga. Ukikuta kwa bibi wa Marangu au Kibosho kitu cha thamani, mwambie thamani yake kabla hujataja bei yako. Naweka sharti hili kwa sababu ya haki, lakini hata kwa hesabu kavu linalipa: habari ya mnunuzi aliyemlaghai mjane huteremka mlimani haraka kuliko basi, na mlango ukifungwa kwenye ukoo mmoja umefungwa kwenye kata nzima.

Mwanasesere wa dada yako anahitaji maelezo zaidi kabla sijasema ni wa aina gani, lakini naweza kukuonyesha namna ya kuwatofautisha. Mgeuze, ufunue nywele za kisogoni, usome shingoni au mgongoni. Wanasesere wa Pedigree, wa kampuni ya Lines Brothers ya Uingereza, huwa na jina hilo na maneno "Made in England". Kampuni hiyo ilitengeneza pia wanasesere weusi tangu miaka ya 1950. Lines Brothers yenyewe ilianguka mwaka 1971. Kama mwili ni mwepesi mno, mkavu, na ukiusugua kwa kidole gumba unatoa harufu kama ya kafuri, huyo ni wa seluloidi, plastiki ya zamani. Usimweke karibu na jiko, mshumaa wala kiberiti, maana seluloidi hushika moto kwa kasi inayotisha. Kama mwili ni laini na unanata kana kwamba umepakwa asali, ni vinili, plastiki laini, inayotoa mafuta yake yenyewe kwa uzee. Hali hiyo inaweza kupunguzwa kwa kumfuta kwa kitambaa chenye maji kidogo na sabuni laini, lakini haiponi, na bei inapaswa kushuka kwa kiasi kikubwa. Kosa la kawaida ni kumfunga mwanasesere wa namna hiyo ndani ya mfuko wa nailoni; hapo unamhifadhi ndani ya mafuta yake. Mzungushie kitambaa cha marekani kilichofuliwa mara kadhaa, kisicho na rangi.

Dada yako akumbuke pia kama macho yalifumba alipolazwa, kama nywele zilikuwa za kupandikizwa au zimechorwa tu kichwani, na kama mikono ilizunguka begani. Majibu hayo matatu yatakusaidia kuliko jina ambalo huenda hakulijua hata wakati ule.

Nije sasa kwenye magari ya waya, ambayo uliyauliza mwishoni ukiwa kama unaomba radhi. Yana thamani, ila thamani yake haipimwi kama ya Lesney. Hakuna namba ya mfululizo, hakuna boksi, na hakuna magari mawili yanayofanana. Kinachotafutwa ni ushahidi kwamba gari lilitengenezwa na mtoto kwa ajili ya kuendeshwa, na kwamba limeendeshwa. Unakumbuka lilivyoundwa: fremu ya waya wa kufungia nondo au waya wa uzio, usukani wa duara juu ya mti mrefu unaofika kifuani ili mwendeshaji asiiname, magurudumu ya kandambili zilizokatwa au makopo ya dawa ya viatu, na kwa waliokuwa na bahati, spoku ya baiskeli kuwa ekseli. Tazama kila kimojawapo. Mti wa usukani uliotumika umelainika na kuiva rangi pale mikono iliposhika. Magurudumu ya kandambili yameliwa zaidi upande mmoja, kwa sababu hakuna mtoto aliyewahi kunyoosha ekseli yake sawasawa. Waya una vipande vya unene tofauti, kwa kuwa ulipatikana kidogo kidogo, na pale ulipokatika umefungwa kwa mpira wa tyubu au uzi wa katani.

Yale yanayouzwa kwenye maduka ya vinyago ya Arusha karibu na Mnara wa Saa ni kazi nzuri ya mafundi watu wazima, nami ninayo mawili, lakini ni ya juzi. Waya wake ni wa unene mmoja na unang'aa, mikunjo imepigwa kwa koleo, na bati lake mara nyingi ni la makopo ya soda ya alumini. Hapa smaku ndogo ya spika mbovu ndiyo chombo chako bora: kopo la zamani la chuma litainasa, alumini haitainasa. Siyo kila lisilonasa ni jipya, lakini gari linalodaiwa kuwa la miaka ya 1970 huku mwili wake wote ni alumini ya soda linahitaji maelezo ya kutosha.

Gari la bati la kopo la chuma ndilo linaloweza kujitaja umri wake, na hapo ndipo penye raha. Mtoto alikata kopo la mafuta ya kupikia au la siagi, akaligeuza, na maandishi ya kiwanda yakabaki ndani. Chukua tochi uyasome. Neno "Tanganyika" kwenye anwani ya kiwanda linakuambia kopo halikuchapwa muda mrefu baada ya mwaka 1964, kwa sababu muungano ulifanyika Aprili mwaka huo na jina la Tanzania likaanza kutumika kabla mwaka haujaisha. Kopo, bila shaka, linaweza kukaa jikoni likihifadhi chumvi kwa miaka mingi kabla halijawa lori, hivyo maandishi hayo yanakupa tarehe ya mapema inayowezekana na hayakupi tarehe ya kuundwa. Ukikuta gari la namna hiyo, usilisugue kutu, usilipake varnishi, na usibadilishe gurudumu lililopotea. Andika kwenye karatasi jina la kijiji lilikotoka, mwaka unaokisiwa, na nani alilitengeneza kama anajulikana, uliingize ndani ya bahasha ya kukaa na gari. Gari la waya lenye maelezo hayo ningelinunua mara tatu ya bei ya lisilo nayo.

Kwa vitu vya mkono wa jadi, kama wanasesere wa kuchongwa au wa vibuyu na shanga, kununua na kukaa navyo nyumbani hakuna tatizo, lakini ukitaka kumpelekea mtu nje ya nchi, ulizia kwanza kibali kwa Idara ya Mambo ya Kale, kwa sababu Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inahusu pia vitu vya kiutamaduni vilivyotengenezwa nchini.

Utunzaji nitaugusia kwa ufupi. Vigari vya aloi ya zinki vioshe kwa maji ya uvuguvugu, sabuni kidogo na mswaki laini, kisha ukaushe ekseli vizuri. Vya bati vilivyochapwa rangi, kama vile vya kujaza ufunguo kutoka Japani au China, visiguse maji kabisa. Vyenye betri, fungua mahali pa betri kabla hujalipa, maana betri iliyosahaulika ndani humwaga na kula mabamba yote, na hapo unanunua ganda. Rangi nyingi za zamani zina risasi, kwa hiyo mkusanyiko wako usiwe wa kuchezea wajukuu, nawe unawe mikono baada ya kuushika. Ukikuta gari la zinki, hasa la kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, lina nyufa ndogondogo kama utando wa buibui au limevimba na kupinda, liache. Huo ni ugonjwa wa aloi yenyewe uliotokana na uchafu wa risasi wakati wa kuyeyusha, na hauna dawa.

Ununuzi wa mtandaoni wa humu nchini hauna siri kubwa. Omba picha ya chini ya gari ikiwa na karatasi yenye tarehe ya siku hiyo, na kama muuzaji yuko Arusha nawe uko Moshi, ni kilomita takribani 80 tu, panda basi ukakione. Anayekuhimiza utume pesa kwanza "kwenye namba hii" unamjua, kwa sababu ameshakutumia ujumbe mara nyingi kuhusu mambo mengine.

Ama kuhusu kuagiza Uingereza, fanya hivyo kwa nadra na kwa kitu ambacho hapa hutakipata. Juu ya bei na nauli kuna ushuru wa forodha na VAT ya asilimia 18, navyo huhesabiwa pamoja na gharama ya kusafirisha, kwa hiyo kigari cha paundi tano kinaweza kukufikia kwa bei ambayo utaona aibu kumwambia mkeo. Mwambie muuzaji aandike thamani ya kweli kwenye fomu, kwani akiandika uongo na mzigo ukapotea hutakuwa na cha kudai. Vitu kadhaa vikinunuliwa kwa muuzaji mmoja na kutumwa katika boksi moja hupunguza maumivu. Kama ningekuwa na nafasi ya kuagiza kimoja tu kwa mtu wa Kilimanjaro, ningechagua Volkswagen nyekundu ya Corgi, watengenezaji wengine wa vigari wa Uingereza, namba 256, iliyotolewa katikati ya miaka ya 1960 ikiwa imevalishwa kama gari la mashindano ya East African Safari, yale yaliyoanza mwaka 1953 na kupita katika barabara zetu za vumbi. Iliuzwa pamoja na kifaru wa plastiki, naye ndiye anayepotea kwanza, na wapo wanaoziba nafasi yake kwa mnyama wa seti nyingine. Kwa hiyo mwombe muuzaji akupigie picha ya kifaru peke yake, ubavuni na tumboni, kabla hujalipa chochote.